Mikanda ya Paa la Mama Pazia

Kimbunga kilipong'oa paa lake, Mama Pazia alibaki chumbani amekumbatia cherehani, mvua ikimnyeshea kama mtu aliye uani. Tangu siku hiyo mjane huyo, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa kushona mapazia, hakuamini ukuta wala mtu.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alimtafutia mchoraji wa ramani za nyumba, dada mmoja mpole sana. Upole wenyewe ndio uliomtia Mama Pazia wasiwasi.

"Paa litakuwa na miteremko minne, mama, upepo ukose pa kulishika. Halafu mikanda ya chuma italifunga na kuta."

"Na baraza yangu?"

"Tutaipunguza. Upepo ukiingia chini yake, utabeba na paa."

Mama Pazia akaguna. Akamwona shemeji anaitikia kwa kichwa kabla dada hajamaliza kusema. Hawa wamekula njama, akajisemea. Hapa napigwa changa la macho.

Basi akawa anashinda kwenye ujenzi, akigonga tofali, akinusa mbao, akimhoji fundi mpaka fundi akaanza kumkwepa. Siku ya kupandisha mabati, machale yakamcheza. Akakunja gauni, akapanda ngazi. Mbao za paa zilikalia ukuta kwa misumari mitupu. Mkanda hata wa dawa hakuna.

"Niitie huyo mchoraji wenu!"

Dada alipofika na kuona, alishika kichwa. "Mikanda ililetwa, mama. Niliipokea mwenyewe."

Fundi akajikuna kisogo. "Shemeji yako aliibeba. Alisema mmekubaliana."

Mama Pazia alikunjua gauni. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa shemeji, akainua macho. Mikanda ilikuwa inang'aa chini ya paa lake.

"Shemeji! Mimi nirudi kulala mvuani?"

Uso ukamshuka yule bwana. "Watoto, shemeji. Wingu likitanda tu, wanaingia chini ya kitanda. Nikaona kwako bado kunajengwa..."

"Si ungeniambia?"

"Wewe ungemwamini nani?"

Hilo lilimchoma. Hakuing'oa mikanda, alimwamuru akatafute mingine, kisha ilipofungwa akapanda kuuvuta kila mmoja kwa mkono wake.

Kimbunga kilichofuata kiliyaacha mapaa yote mawili mahali pake. Shemeji bado hukaribishwa chai. Ila akiaga, Mama Pazia humsindikiza hadi getini, macho yote mikononi mwake.