Gunzi Kwenye Lipu ya Bibi

Kwa nini mtu asiribe ukuta kwa udongo asubuhi nzima, aulainishe kwa jiwe la mtoni, kisha achukue gunzi la mahindi na kuutia vidoti kando ya mlango? Nilikuwa na miaka minane au tisa nilipoanza kujiuliza hivyo, na sikuwa na jibu.

Swali lilinirudia mwezi huu, nikiwa nimepiga magoti mlangoni mwa chumba cha marehemu bibi, hapa Mshangano, na kisu cha kukatia jipsamu mkononi. Mjomba alizifunika kuta za udongo kwa bodi za jipsamu ili nyumba ionekane ya kisasa. Kisha vijana walioingiza kabati wakaligonga pale pale pembeni mwa mlango, bodi ikapasuka. Mama alikuwa anahamia chumba hicho Jumamosi, na nilitaka akute chumba kizima. Nikamwambia mjomba asiite fundi. Nilikuwa nimeangalia video, nikadhani nimeelewa.

Kwenye video hakuna kinachokataa. Kwangu skrubu ya kwanza ilitoboa bodi ikazama. Poda niliyoikoroga iligeuka jiwe kwenye beseni kabla sijapaka hata nusu. Kiraka kilipokauka, ufa ulikuwa umerudi mahali pake. Jirani yetu, mama muuza maandazi, alichungulia.

"Mwanangu, unajenga au unabomoa?"

"Natengeneza, mama."

"Haya. Na chuo ulimaliza?"

Nilikata upya, safari hii kwa hasira, kipande kikubwa zaidi. Nyuma yake ikatokea lipu ya zamani, na juu ya lipu, upande wa kulia, usawa wa kiwiko, vile vidoti vya gunzi, eneo la ukubwa wa sahani.

Unaikumbuka baridi ya Songea mwezi wa saba, likizo, pua inachuruzika na mikono imepauka? Huo ndio ulikuwa wakati wa kusiriba. Bibi alikanda udongo wa kichuguu na majivu, mimi nikasugua kwa jiwe mpaka vidole vikafa ganzi. Jikoni maharage yalikuwa yanachemka, na harufu ya moshi iliingia hadi kwenye sweta. Bibi hakukagua kazi yangu kwa kuitazama tu kama watu wengine. Alipitisha kiganja ukutani taratibu. "Hapa bado," alisema, nami nikarudia. Tulipofika kwenye kipande kilicho bora kuliko vyote, kando ya mlango wa chumba chake, akalibingirisha gunzi juu yake.

"Bibi, unaharibu."

"Hapo ni pangu."

"Kwa nini pawe pako?"

"Wewe maswali yako yatakuzeesha mapema."

Nililia kwa hasira. Nikamuuliza mwalimu wa dini, akasema labda ni urembo. Urembo gani wa sahani moja? Mwalimu wangu wa darasa akasema ni mila. Jibu hilo sikulipenda hata siku moja. Mtu asiyejua hukimbilia mila.

Bibi alikuwa na sheria nyingine zisizoelezeka. Aliyehamisha kigoda alichapwa. Ndoo ya maji ilikaa kushoto kwa mtungi wa togwa, siku zote. Na shikamoo ilitakiwa itolewe nje, kwa sauti, kabla hujavuka kizingiti. Nilimwona mkali bila sababu.

Nilivitazama vile vidoti kwa muda. Kisha nikavifunika, kwa sababu Jumamosi ilikuwa kesho na kuta mbili haziwezi kukaa mahali pamoja. Nikapiga msasa mpaka vumbi jeupe likajaa kope. Kiraka hakikuwa kizuri sana, lakini kilikuwa laini. Nyumba yote sasa ni laini. Haina moshi, haina udongo wa kukanda, wala mtu wa kusema hapa bado. Kigoda sijui kiliishia wapi.

Mama alishuka na mizigo yake kutoka Tunduru alikokuwa akifundisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alipofika mlangoni mwa chumba, mkono wake ulikwenda wenyewe upande wa kulia, usawa wa kiwiko. Ukapapasa, ukasimama.

"Umepalainisha."

"Siku mbili nimehangaika hapo. Pabaya?"

"Pazuri. Ila bibi yako angepotea hapa."

Aliketi kitandani, akaniambia jambo ambalo bibi alimkataza kulisema, kwa kuogopa kwamba wajomba wangemzuia kwenda shamba. Tangu kabla sijazaliwa, macho ya bibi yalikuwa yanaona mwanga na vivuli tu. Akitoka juani na kuingia ndani, hata vivuli vilipotea, na mlango wa chumba chake aliutafuta kwa vidole.