Jeep ya mazuti (dizeli) inatetemeka ku ralenti (imesimama, moteur inawaka), rafiki yangu akaitwa mwizi

Bakubwa, jambo yenu bote.

Hii sikuambiwa na muntu. Nilikuwa ndani ya motoka, mikono yangu ku volant, ku usukani. Mwenye hataki kuamini, apite uzi ingine ku hii forum.

Mi sikusoma mécanique. Nilijifunza mwenyewe, na téléphone na kuchafua mikono. Lakini Idi, rafiki yangu, yeye njo kazi yake, ku garage moja ya mtaa ya Kampemba. Na ukigusa Idi, umenigusa miye. Mujue ile kwanza.

Sasa, kuko Mama Aziza. Jamaa yake bantu ya Maniema kama ya Idi, banasali ku mosquée moja. Anauzisha mahindi. Iko na jeep ya mazuti, boîte automatique (gia inajibadilisha yenyewe), anaenda nayo mpaka Lukafu, mbali na muji, kubeba magunia.

Idi akamubadilishia mafuta ya boîte. Kisha kidogo, jeep ikaanza kutetemeka.

Si ya muchezo! Asubuhi inawaka muzuri. Utembee kidogo, usimame, mguu ku frein (breki), levier ya gia ku D ya kwenda mbele: aiguille ya mizunguko ya moteur inashuka, inashuka, tableau yote mbele yako inacheza, unasema sasa inazima. Ukitia N, gia ya bure, inapumua kidogo.

Kila muntu akasema boîte imekufa.

Idi akasema hapana, moteur haipate mazuti ya kutosha. Akafungua filtre na tuyau ya kupitisha mazuti, hakuona kintu, akarudishia. Ikawa muzuri kabisa! Mama akaenda. Kesho yake, tena. Idi akafungua, akafunga, muzuri. Kesho yake, tena!

Munaona vile inafanana na wizi?

Mama akakuya ku garage mbele ya bantu bote:

"Idi! Ulitosha injecteurs yangu ya muzuri, ukatia ya kufa! Unaitengeneza nusu, juu nirudie-rudie kukulipa!"

Injecteurs njo inapulizaga mazuti ndani ya moteur, ni bei kali; hapa kwetu kuitwa mwizi ya injecteurs inamaliza mécanicien. Patron hakuuliza hata swali moja. Akamwambia Idi aanze kukusanya bintu yake.

Mi kusikia vile, damu ikapanda. Nikaenda moja kwa moja kwa mama.

"Mama, na heshima yote, safari ya Lukafu naendesha miye."

"Endesha. Utajionea kazi ya ndugu yako."

Kwenda, nikasikia kidogo tu. Kurudia, magunia nyuma, tukafika ku barrière ya barabarani. D, frein... ile kintu ikaanza. Meno yangu inagongana!

Mama akacheka: "Sikia, mwizi wako anatusalimia."

Wee! Kile nilimujibu sitaandika, modérateur atanifunga.

Nikasogeza pembeni, moteur inawaka. Niliogopa kuzima, labda haitawaka tena. Mama iko na bidon ya mazuti, akasema tuongeze. Nikashuka kufungua tanki, akanisukuma:

"Acha! Ile nafunguaga miye tu."

Akafungua kale kamulango ka tanki. Bakubwa, nikashangaa. Bouchon, kizibo ya tanki, imevaa sachet ya plastiki, juu ya sachet kipande ya chambre à air ya pikipiki, mupira ya ndani ya gurudumu, imezungushwa mara na mara, imefungwa kabisa kabisa.

Akafungua ile mupira. Akazungusha bouchon.

FSSSSSSSS!

Tanki ikavuta hewa murefu sana. Na moteur... ikanyamaza. Si kuzima! Ikatulia. Ralenti laini, aiguille imesimama pa moja.

Nikashika ile mupira.

"Mama. Nani alifunga hii?"

"Miye." Akakunja ile sachet. "Bezi banavutaga mazuti yangu na tuyau, mwanangu. Nikafunga ile juma Idi alifanya boîte. Sikuambia muntu, juu sijui nani anaiba."

Kwa benye hawajue: tanki inapaswa kupumua. Mazuti inatoka, hewa inaingia ku katundu ka bouchon. Ukiziba, pompe inavuta mpaka inachoka, moteur inakosa chakula. Na D inaelemea moteur, njo tunasingizia boîte. Idi kila akifungua tuyau, hewa inaingia, ugonjwa unajificha mbele yake. Usiku nayo inapumua kidogo kidogo, njo asubuhi muzuri.

Sikuamini hata vile. Nikarudisha mupira, tukatembea, ikatetemeka. Nikafungua. FSSS. Muzuri. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia.

Nikauliza mama tupitie nyumbani tushushe mahindi.

"Hapana. Ku garage. Na mahindi yake."

Akasimama palepale alimutukania. Akasema na nguvu, mpaka benye kuchomelea byuma bakaacha kazi: "Nilimuita Idi mwizi hapa. Mwizi hakuna. Ni miye nilifunga motoka yangu pumuzi!"

Patron akacheka: "Bon, imeisha, petit. Rudisha bintu yako."

Idi iko na sanduku ya clés (spana) mukononi.

"Mama, nimekusamehe. Lakini patron, weye unanijua tangu nikiwa apprenti, najifunza kazi. Hukuniuliza hata."

Akatoka. Sikutazamia! Mi nilikuya kumurudishia kazi, yeye anaiacha.

Leo anatengeneza motoka ku parcelle yetu, kiwanja ya nyumbani, mtaa ya Kasungami. Patron anasemaga Idi iko na kiburi. Aseme.

Kile nilijifunza: motoka ya mazuti ikianza kutetemeka, acha moteur iwake, fungua bouchon ya tanki, sikiliza. Ile haiombe scanner, ile mashine ya kupima moteur. Na ufanye vile kwanza, mbele ya kuita mutoto ya muntu mwizi.

Nyiye munafungaga tanki na nini juu ya kuzuia bezi? Leteni mawazo. Na mwenye anaona Idi alipaswa kurudi kwa ule patron, aandike na yeye. Niko hapa, namungojea.