Yusta wa Kota za Reli

Yusta Kalinga alizaliwa Kihesa, Iringa, lakini mimi nilimjulia Mbeya, kwenye kota za reli. Mumewe, marehemu Jailos, alikuwa fundi wa njia, mtu wa kutembea juu ya mataruma ya reli na nyundo begani. Jailos alipofariki, Yusta alibaki chumba kile kile, akiwauzia abiria chai na maandazi. Treni ichelewe hata siku nzima, yeye hazimi jiko.

Mimi sina makao mahali pamoja. Kila nilipopita Mbeya nilikunywa chai kwake.

"Mzee, miguu yako haina breki?"

"Na mdomo wako je, dada?"

Tunacheka.

Mwaka jana wakaja watu wa mradi. Godauni la zamani litakuwa makumbusho na duka la kahawa. Vyumba vya kota vingine vitabomolewa, vingine vitakuwa hoteli. Wenyeji watapewa vyumba kwenye jengo jipya nyuma ya stesheni. Nilikuwepo siku binti mmoja wa ofisi yao alipopita kuandikisha wenyeji. Binti mwenye adabu kabisa.

"Shikamoo mama. Wewe ni mwenyeji wa hapa?"

"Marahaba mwanangu. Hapana, mimi mgeni tu. Kwetu Iringa."

Ndivyo tunavyosema. Hata uzeekee mahali miaka arobaini, kujiita mwenyeji mbele ya Wasafwa wenye ardhi yao ni kujikweza. Mimi nami nilinyamaza, maana ningejibu hivyo hivyo. Binti akaandika, akamaliza chai yake, akaaga.

Majina yalipobandikwa, la Yusta halikuwepo. Jirani yake Apolonia, aliyehamia juzi juzi tu, alikuwa amejibu "ndiyo", basi akapata. Yusta akaenda ofisini kwao mara tatu.

"Mama, si ulisema mwenyewe?" wakamwambia, wakamwonyesha karatasi.

"Nilisema. Lakini sikusema hivyo."

Hawakumwelewa.

Mwezi wa tano akafunga masufuria yake, akapanda basi. Nilimkuta Kihesa kwa mpwa wake, analala na wajukuu. Barabara ile ina wauza chai wanne tayari.

"Hawa watoto wananiita Bibi Mbeya," akasema.

Kisha akauliza habari za chumba chake. Nilikuwa nimekiona. Wamekipaka chokaa, wamefunga mapazia meupe, na mlangoni kwake palikuwa na viatu vya mtalii.

Nikamwambia kimebomolewa.

"Afadhali," akasema.