Godoro Nyuma ya Bweni

Barua ya binti yangu ilikuwa na mistari minne. Wa tatu ulisema godoro lake limemwagiwa maji mara tatu tangu shule ifunguliwe. Wa nne uliomba nikamchukue. Yuko kidato cha pili, shule ya bweni nje kidogo ya Mbinga mjini. Mimi ni fundi redio huku ziwani. Darasani niliishia la saba, mengine nimejisomea mwenyewe, na nina desturi ya kuandika maswali kabla ya kwenda popote. Safari hiyo niliandika matano. Yote yaliuliza jambo moja: ni kazi ya nani kuona mtoto akionewa? Kwenye fomu ya kujiunga nilikuwa nimetia saini kwamba uonevu ni marufuku. Nilipoisoma upya, sikuona mahali palipomtaja mwenye jukumu la kuuzuia.

Nilifika saa nne asubuhi na kifurushi cha usipa, dagaa wetu, kwa ajili ya matroni. Yeye ni mtu wa milimani, mimi wa ziwani, na watu wa pande hizi mbili hutaniana. Anayekasirika ndiye anayeaibika. Hivyo ndivyo nilivyolelewa.

"Karibu, mtani," alisema. "Harufu yako imetufikia ukiwa bado getini."

"Hiyo ni mboga yako ya mchana, mwalimu. Maharage yamekuchosha."

Alicheka, akapokea. "Leo utalala huku kwetu, uonje baridi?"

"Samaki halali pakavu," nikajibu. Ni mzaha wangu wa siku zote. Nyumbani kila mtu anaujua.

Tulicheka wote wawili. Nilipogeuka nilimwona binti yangu mlangoni, ameitwa kutoka darasani. Alimwamkia matroni, akaniamkia mimi, kisha akatazama chini. Nilisema nataka kuongea naye kwanza. Tukatoka hadi nyuma ya bweni, ambako godoro lake lilikuwa limeegemezwa ukutani likauke.

"Baba, hayo ndiyo maneno wanayosema wakimwaga maji."

"Maneno gani?"

"Hayo uliyomwambia matroni."

Nikamuuliza waliyatoa wapi.

"Kwangu. Wiki ya kwanza niliwaambia baba yangu husema hivyo. Nilitaka wacheke."

"Walicheka?"

"Sana. Siku hiyo walinipenda."

Nilijaribu kuyapanga mambo kwa mfuatano, kama ninavyoufuata waya ndani ya redio mpaka nifike ulipokatika. Wasichana walimwaga maji. Matroni hakuona, au aliona akadhani ni utani. Binti aliwapa maneno. Mimi nilimpa yeye. Lakini maneno hayalowanishi godoro. Au huenda yanalowanisha. Kila nilipogusa, palikuwa pazima na pabovu kwa wakati mmoja.

Nilirudi ofisini kwa matroni peke yangu. "Mwalimu, wanamlowanishia godoro."

"Ah, mtani, si umesema mwenyewe samaki..." Hakumaliza, maana sikucheka.

"Leo sitanii."

Alinitazama, akiutafuta mzaha usoni mwangu. Kisha alitoka, nami nikamfuata, hadi nyuma ya bweni alikobaki binti, akalibonyeza godoro kwa kiganja. Maji yakachuruzika kati ya vidole vyake.

"Niliambiwa wanacheza," alisema. "Na yeye mwenyewe alikuwa anacheka."

Nikamtazama binti. "Nilikuwa nacheka," alikubali. "Ningefanyaje?"

Matroni alisema atamhamishia kitanda kwenye chumba kilicho karibu na nyumba yake, na kwamba waliomwaga maji wataitwa mbele ya mwalimu wa nidhamu. Akamuuliza binti kama anabaki au anaondoka na mimi. Binti alisema atajaribu mpaka likizo. Nilitaka kumwambia asicheke tena wakimfanyia hivyo. Kisha nikakumbuka jinsi tunavyomwona mtu asiyecheka akitaniwa, nikaghairi. Daftari la maswali lilibaki mfukoni.

Kwenye stendi ya Mbinga, mkata tiketi aliposikia ninakwenda ziwani alisema, "Mtani, kaa dirishani, tusije tukafa na harufu." Abiria wawili watatu waligeuka kungoja jibu langu. Nilikaa dirishani.

"Mtani anaumwa?" mama mmoja akauliza, kwa upole kabisa.