Ngome ya Barafu ya Kikwajuni

Juzi nilikuwa sokoni nikasikia mtu anavunja donge la barafu. Alikuwa amelitia ndani ya gunia, analipiga kwa gongo, kwa! kwa! kwa!, ile sauti kavu ambayo ukiizoea utotoni haikutoki tena. Nikasimama na kapu langu katikati ya njia. Mtu mmoja akaniambia, "Dada, pita au tupishe." Nilikuwa nimeshafika mbali, nina miaka kumi na miwili, nimekaa mbele ya kompyuta kuukuu hapo Kikwajuni, najenga ngome.

Nikuelezeni kwanza hizo kompyuta. Mjomba Idi, kaka yake mama, alikuwa fundi, na chumba chake cha kazi kilikuwa chini kabisa ya jengo letu la ghorofa. Alikuwa na mashine tano ambazo watu walizitupa, yeye akazifufua. Mle ndani mlinuka vumbi lililopata moto, risasi ya kuungia nyaya, na udi, kwa sababu mama aliteremka kila Ijumaa na chetezo chake akidai kuwa mashine nazo hupata kijicho. Likizo ya mwisho wa mwaka ilipofika, Mjomba alitufungulia mlango sisi watoto wa jengo tukacheza mchezo wa kujenga kwa matofali. Bila shaka mnaujua, au watoto wenu wanaujua. Ni dunia nzima ya mraba: ardhi ni matofali, miti ni matofali, hata ng'ombe ana kichwa kama sanduku. Unachimba, unakata, unapanga, na unachokipanga ndimo unamokaa.

Mwaka ule Mjomba alitutia mashindanoni. Tulikuwa wanane, wawili wawili, na kila wawili wajenge ngome ya aina watakayoiokota kwenye kura. Washindi wangefundishwa kazi yake ya ufundi kila Jumamosi, mwaka mzima, bure. Nafasi zilikuwa mbili tu. Alikunja vikaratasi vinne, akavitikisa ndani ya kofia yake, na mie nikatia mkono. Nikafungua. Barafu.

Hassan na Husein, pacha wa ghorofa ya tatu, walicheka mpaka wakashikana. "Mtajenga friza!" alisema Husein.

"Tutajenga friza," nikamwambia, "na nyinyi mtakuja kuomba maji."

Sikuwa natamba bure. Mama yangu alikuwa akiuza barafu za ukwaju na za ubuyu, na jengo zima lilikuja kutugongea. Mie ndiye niliyezijaza kwenye vifuko, mie niliyezifunga, mie niliyezipanga ndani ya friza mpaka vidole vikafa ganzi. Katika kisiwa hiki, nilijiambia, nani ananishinda kwa barafu?

Basi alikuwepo, na alikaa kiti cha pili yangu. Mwenzangu niliyepangiwa aliitwa Zuhura, mtoto wa Mkokotoni, aliyekuja kukaa likizo kwa shangazi yake, Bi Tatu, jirani yetu wa mlango kwa mlango. Baba yake kazi yake ilikuwa kuhifadhi samaki wa wavuvi kwa barafu, palepale sokoni Mkokotoni. Asili yao ni Tumbatu, na maneno mengine aliyatamka kwa namna ya kwao. Kila akifungua mdomo pacha walimuigiza, na chumba kizima kikacheka. Siku ya tatu akawa hasemi ila kwa lazima. Mie nilinung'unika kimoyomoyo. Nilitaka mwenzangu awe mtu wa mjini, aliyekwisha kushika kompyuta.

Lakini alikuwa na mikono, Zuhura! Alikwenda mpaka kaskazini ya dunia ile, kwenye mto ulioganda, akakata barafu tofali kwa tofali bila kuchoka. Mie nilichora ramani kwenye daftari la hesabu: minara minne, daraja, na ukumbi mkubwa wenye sakafu ya barafu angavu ili samaki waonekane wakipita chini ya miguu. Mlangoni nikaweka baraza mbili, na zenyewe za barafu, maana nyumba bila baraza si nyumba. Mjomba alipoziona baraza zile alitabasamu, na mie nikajua ushindi ni wetu.

Siku moja, huku anakata barafu, Zuhura akaniambia bila kunitazama kuwa baba yake amemtaka arudi Mkokotoni likizo ikiisha. "Ila nikipata jambo la maana la kujifunza mjini, kasema ntabaki kwa shangazi."

"Utabaki," nikamwambia. "Umenipata mie."

Baada ya siku mbili alikuja na habari nyingine. "Salma, jua la humu haliyeyushi barafu. Mwenge ndio unaoyeyusha. Nimeweka mmoja karibu na ukuta, tofali limegeuka maji."

"Hiyo hitilafu ya mashine tu."

"Si hitilafu. Nimejaribu mara tatu." Kisha akanionesha kitu alichokigundua mwenyewe: ukibana matofali tisa ya barafu unapata tofali moja la barafu ngumu, na hilo haliyeyuki hata ukilikumbatisha mwenge. Alitaka tubomoe kila kitu tuanze upya. Tisa kwa moja! Nikamwambia kwa mwendo huo hatutamaliza mpaka Ramadhani. Hakubishana. Alikwenda pembeni akajenga mnara wa kaskazini peke yake, kwa barafu ngumu, na mie nikaendelea na ukumbi wangu.

Ngome zilikuwa zitazamwe Jumamosi. Jumatano mchana Zuhura alikwenda kusali na kula, na mie nikabaki. Ukumbi ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa na giza. Nikautazama, nikautazama, nikasema harusi gani isiyo na taa? Nikaweka mwenge mmoja. Nikaweka wa pili. Nilipomaliza, mienge ilikuwa inakaribia arubaini, na ukumbi ukawaka, barafu ikang'aa kwa ndani kama sukari guru iliyoshikwa na jua. Sijapata kuona kitu kizuri vile. Nikaiacha mashine inawaka, nikapanda juu kula wali na mchuzi wa pweza, nikajinyoosha kidogo, usingizi ukanichukua.

Niliporudi baada ya Alasiri, vicheko nilivisikia tangu kwenye ngazi. Ukumbi haukuwepo. Sakafu ilikuwa maji, kuta maji, mazulia yameng'oka, mienge inaelea, na samaki wangu wanatembea mahali palipokuwa na kiti cha enzi. Mnara wa kaskazini tu ndio uliosimama, mkavu. Zuhura alikuwa ameshafika, amekaa anaitazama skrini.

"Nani kaweka mienge?" aliuliza Mjomba. Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama fundi anavyouliza redio imeanza lini kukoroma.

Husein akawahi kujibu. "Nani tena, Mjomba? Si huyo wa shamba! Kaona mwenge, kakumbuka kwao."

Wote wakamgeukia Zuhura. Na mie, nyinyi wenzangu, nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nikasema, "Mie nilikwenda kula." Kila neno lilikuwa kweli. Ndio uongo mbaya kuliko wote niliowahi kuusema.

Zuhura alinitazama kidogo, halafu akamtazama Mjomba. "Ni mie, Mjomba. Nimeweka mie."

Akainuka, akakisukuma kiti chake taratibu mpaka ndani ya meza, kama mgeni aliyekwisha kula, akatoka. Kesho yake asubuhi Bi Tatu alituambia kuwa mtoto kaomba arudishwe kwao, na keshaondoka.

Siku ile jioni nilikuwa nafunga vifuko vya ubuyu na mama, na kila fundo nililofunga lilifunguka. Mama akanivumilia mpaka kifuko cha tano kilipomwagika miguuni mwake. "Una nini?" Nikamwambia yote, kuanzia mwenge wa kwanza. Nilitazamia kofi. Mama alifuta mikono kwa kanga yake akasema, "Njia ya mwongo fupi, mwanangu. Yako wewe imefika Mkokotoni. Kesho asubuhi tunaifuata."

Tuliwakuta sokoni, mahali pa samaki. Baba yake Zuhura, Mzee Makame, alikuwa anapanga madonge ya barafu kwenye sanduku la mbao refu kama kitanda, na Zuhura anayafunika kwa unga wa mbao, kisha gunia, kisha gunia jengine juu yake. Alifunika kila upenyo, kwa vidole, kama mtu anayemfunika mtoto mchanga. Nikatoa shikamoo yangu, ikaitikiwa marahaba, na hapo nikasahau maneno yote niliyoyapanga njiani.

"Zuhura," nikasema, "mienge niliweka mie."

"Najua."

"Sasa kwa nini ulisema wewe?"

Akashindilia unga wa mbao pembeni mwa donge. "Kimebaki nini cha ngome?" akaniuliza.

"Mnara wako tu."

Mzee Makame alikuwa ameacha kazi, anasikiliza. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. "Binti yangu alirudi hapa hasemi," akaniambia. "Siku nzima hasemi. Barafu ikishayeyuka, mwanangu, haigandi tena kwa samahani."

Jibu alilipata mama. "Kweli, kaka yangu. Kwa samahani haigandi. Lakini kwa friza inaganda. Nakuomba mtoto mpaka kesho, na aliyeharibu ndiye atakayefanya kazi."

Mzee Makame akamtazama mama, akamtazama bintiye, kisha akacheka, kicheko kilichomtoka kabla hajakiruhusu. "Unataka kwenda?" akamuuliza Zuhura.

Zuhura alipukuta unga wa mbao mikononi. "Safari hii ramani nachora mie," akasema.

Na alichora. Tulianza baada ya Sala ya Ijumaa, na mama akamuomba Mjomba asifunge chumba mapema. Ngome ya Zuhura ilikuwa ndogo: ukumbi mmoja, minara miwili, kuta nene za barafu ngumu, na baraza mbili aliziacha kwa kuwa alizipenda. Mie nilikuwa mkata barafu. Tisa kwa moja, tisa kwa moja, mpaka kidole cha kubonyezea kikavimba. Aliposema "ongeza," niliongeza. Jumamosi adhuhuri, mwenge wa mwisho ukishawekwa, tulikaa tukautazama ukuta bila kupepesa. Haukutoa hata tone.

Mjomba akaja na daftari lake, akaanza kupita mashine kwa mashine. Kabla hajafika kwetu nikasimama. "Mjomba, ile mienge ya Jumatano niliweka mie. Zuhura alinionya, sikumsikiliza. Kisha nikanyamaza akalaumiwa yeye."

Pacha wakacheka, safari hii wananicheka mie, na nikagundua kuwa kuchekwa kunachoma vibaya. Mjomba aliandika kitu, sikujua nini. "Nimesikia," alisema. "Haya, tuioneni ngome."

Hatukushinda. Pacha walishinda kwa ngome yao ya chini ya bahari, na mpaka leo nasema waliokolewa na wale pweza waliowafuga ndani, vyenginevyo kuta zao hazikuwa lolote. Lakini Jumamosi ya tatu ya mafunzo walichoka kufungua skurubu, wakaenda zao mpirani. Mjomba akapanda ngazi akagonga kwetu. "Salma! Muite na mwenzako." Zuhura aliletwa tena kutoka Mkokotoni, akabaki mjini kwa shangazi yake, akasoma. Leo ana duka lake la ufundi huko Mtoni, na mie nachora ramani za nyumba.

Miaka mingi nilikihadithia kisa hiki kama kisa cha ukarimu. Kwamba nilikuwa na rafiki aliyenipenda mpaka akabeba kosa langu. Nilikihadithia hata kwenye harusi yake, watu wakapangusa macho, na bibi harusi akanisikiliza tu. Kisha nilianza kazi. Siku moja ukuta wa nyumba tuliyokuwa tunaisimamia ulipata ufa, tukaitwa kikaoni, na kabla mtu hajauliza swali nikaona nyuso zote zimenigeukia mie, mdogo kuliko wote na mwanamke peke yangu. Ramani yangu haikuwa na kosa, na baadaye ilionekana hivyo. Lakini kwa dakika ile nilijua kuwa hata ningesema nini, hukumu imeshapita, na nikatamani kusema "ni mie" ili angalau nitoke pale kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikampigia simu Zuhura jioni ileile. Nikamuuliza kwa nini siku ile alisema ni yeye. Akacheka sana. "Ulidhani nilikupenda kiasi hicho? Nilikuwa nakujua wiki tatu tu, Salma! Nilitazama chumba kile, nikaona hakuna hata mmoja atakayeniamini. Nikasema bora nitoke."

Nilikwenda Mkokotoni, mtoto wa miaka kumi na miwili, kuomba radhi kwa maneno matatu niliyoyasema Jumatano ile, na nilirudi nikijiona nimelipa yote. Kumbe wale wasiomuamini hawakuanza Jumatano. Walianza siku ya kwanza pacha walipoigiza namna anavyosema, chumba kizima kikacheka, na mie kwenye kiti cha pili yake nikicheka pamoja nao. Hilo nilimuomba radhi kwa simu, nimeshakuwa mtu mzima. Akasema, "Hilo ndilo nililokuwa nalingoja."