Mwalimu Asiye na Darasa

Chuo chetu cha Unguja kilikuwa kidogo, lakini wasichana tulisoma humo tarikh, yaani historia, mashairi, hesabu na hata kuchora. Aliyekianzisha alikuwa bibi mmoja mkali mwenye sauti laini, na sote tulimwita Mwalimu. Baada ya mapinduzi, mimi na yeye tulijikuta Matrah, mji wa bandari wa Omani, katika chumba kimoja cha makuti, tukishona nguo za watu ili tupate kula.

Matrah haikuwa na skuli ya wasichana. Mwalimu alikwenda kwa wakubwa kuomba ruhusa ya kufungua darasa, akarudishwa mlangoni. Akaenda tena na tena. Mara ya mwisho alirudi akaketi mkekani bila ya kuvua buibui.

"Wamesemaje, Mwalimu?" nikamuuliza.

"Wamenambia nkapike. Mwanangu, nna elimu ya umri mzima kichwani. Ntaipeleka wapi?"

Tangu siku ile akawa hali, halali. Mchana kutwa aliukabili ukuta, akisomesha kwa sauti ya chini wanafunzi wasiokuwepo. Nilimsihi anyamaze, majirani wasije wakasema kashikwa na wazimu. Wapi! Hakunisikia.

Joto la mwaka 1969 ndilo lililomchukua. Mwaka uliofuata utawala ulibadilika, skuli zikaanza kufunguliwa, na watu wakaja kuniuliza kama namjua mwalimu yeyote wa kike. Nililia mbele yao hadi wakaona haya. Kisha nikavaa buibui langu, nikafuatana nao kwenda kusomesha.