Eda Haimo Kwenye Fomu

Wifi yangu Mwanarusi alikaa chuoni miaka saba akitafuta shahada ya uzamivu ya kompyuta, na mitatu kati ya hiyo aliibiwa. Nasema aliibiwa, wala sitafuti neno la adabu zaidi.

Aliolewa na kaka yangu Boga hapa Msambweni, wote wawili walimu wa hesabu. Mwaka 1970 akachukuliwa na chuo kikuu kimoja huko bara. Kazi aliyojipa ilikuwa kuifundisha kompyuta kulipangia safari lori la maji kule Kinango, lipite kila kijiji bila kurudia njia. Watu wakamcheka: mwanamke wa Kidigo na kompyuta wapi na wapi? Boga hakucheka. Yeye ndiye aliyemfungia mizigo.

Mwaka 1973, akiwa amebakisha programu ya mwisho tu, alikuja likizo. Boga akashikwa na homa, siku ya tano tukamzika. Mwanarusi akakaa eda, miezi minne na siku kumi kama dini inavyoamuru, ndani ya nyumba, haoni mwanamume asiye maharimu wake. Akawaandikia chuoni kuwaeleza. Hawakumjibu.

Zamani zile chuo kizima kilikuwa na kompyuta moja. Unatoboa amri zako kwenye kadi, unazipitisha dirishani, na baada ya siku mbili unarudishiwa makosa yako. Wenzake walikosea wakarudia. Yeye hakuwa na mashine, alikuwa na wanawake waliokuja kumliwaza, basi akatugeuza sisi mashine. Kila mmoja alipewa kikombe chenye jina, vingine majina ya vijiji. Changu kiliitwa K: nikiambiwa ongeza natia korosho moja, nikiambiwa punguza natoa, na kula ni marufuku. Asubuhi hata adhuhuri, wiki baada ya wiki, naye anasoma amri moja moja kutoka daftarini.

Shangazi yetu Rai, asiyejua alifu wala be, ndiye aliyeliona kosa kubwa. Aliweka chini kikombe chake cha Kinango akasema, "Mwanangu, lori lako limekwenda Kinango mara tatu, na watu wa Ndavaya hawajanywa."

Mwanarusi akapekua daftari, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Programu ilikuwa inazunguka pale pale, isingesimama hata kiyama. Akalirekebisha kosa siku ile ile.

Eda ilipokwisha akarudi chuoni, akatoboa kadi zake, akazipitisha dirishani. Zikapita mara ya kwanza, bila kosa hata moja. Nitajieni mwingine aliyefanya hivyo, na wenzake mashine wameilalia mlangoni.

Afisa wa uandikishaji akamwambia jina lake limekwisha kufutwa kwa utoro. Utoro, jamani, mtu aliyefiwa! Fomu ya ruhusa ilikuwa na nafasi ya ugonjwa, na nafasi nyingine ya likizo ya kurudi kwao Ulaya. Miaka kumi ya uhuru, bendera tumepandisha wenyewe, na fomu tumeiacha na likizo ya Mzungu. Mjane hakuwekewa hata mstari mmoja.

Msimamizi wake, Profesa Kitsao, mtu wa pwani hii hii, akamwita pembeni.

"Andika ugonjwa, binti yangu. Daktari wa chuo atapiga muhuri."

"Sikuwa mgonjwa, Profesa. Nilifiwa, na kazi nimeifanya."

"Najua. Lakini hawa eda hawaijui."

"Wewe unaijua. Waambie."

Hakuwaambia. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Asiyejua utamlaumu nini? Huyu alijua, akanyamaza kulinda kiti chake.

Mwanarusi akakataa kutia sahihi uongo, nao wakamrudisha mwaka wa kwanza. Miaka mitatu mingine akayafanya yale yale aliyokwisha kuyafanya, kama mtu anayelazimishwa kutwanga unga. Mimi nilimwambia aache, arudi zake nyumbani. Akaniambia akiacha watasema kweli alikuwa mtoro.

Siku ya mahafali, mwaka 1977, nilikuwepo. Watu wa uzamivu husomewa sifa zao na wasimamizi wao. Kitsao alisimama na karatasi, akasoma kwamba mwanafunzi huyu ameshinda maradhi ya muda mrefu. Akaliita jina lake.

Mwanarusi hakuinuka.

Akaliita tena. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Wifi yangu akajibu akiwa ameketi, kwa sauti yake ya darasani, "Huyo mgonjwa simjui. Nisomee mimi."

Kitsao aliitazama ile karatasi, kisha akaikunja. "Alifiwa na mumewe," akasema. "Akakaa eda, na kazi yake aliimaliza ndani ya eda."

Ndipo akainuka.